Silika sio kwatsi, Mhariri

Mhariri, salaam. Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua, najua barua ndefu huwa mnazikata ila hii naomba muivumilie maana ikikatwa nusu itapotosha zaidi kuliko habari yenyewe ninayoilalamikia.

Kwenye ukurasa wenu wa ujenzi mmetoa habari ya mawe ya mchanga, yale ya rangi ya krimu yenye wekundu kwa mbali ambayo siku hizi kila anayejenga Goba na Madale anataka kuyabandika ukutani. Mwandishi kaandika vizuri tu mpaka alipofika kwenye kipimo. Anasema muuzaji kamwonyesha karatasi, jiwe limepigwa mashine, silika, yaani muungano wa silikoni na oksijeni, imetoka asilimia kadhaa, na sentensi inayofuata hapohapo silika imegeuka kuwa kwatsi kwa asilimia ileile, halafu juu kabisa kichwa cha habari kinatangaza jiwe la "kwatsi safi". Hapo nimeshindwa kunyamaza. Mimi nilikuwa fundi wa maabara, kazi yangu miaka yote ilikuwa kukata mawe na kuyasaga yawe slaidi za hadubini, sio profesa wala nini, lakini hili la kuchanganya silika na kwatsi hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa jiolojia akiliandika anarudishiwa karatasi yake.

Tuanze hapo. Kwatsi ni madini, ni silika tupu iliyojipanga kwa mpangilio wake maalumu. Sawa. Lakini silika haikai kwenye kwatsi peke yake. Kuna felspa, kundi la madini ya kawaida sana kwenye mawe. Felspa ya potasiamu ikiwa safi kabisa ina silika karibu asilimia 65. Felspa ya sodiamu, albaiti, inafika karibu 69. Kaolini, huu udongo mweupe tunaoujua sisi watu wa Pugu, ina silika kama asilimia 46 na nusu. Mika, yale madini ya vijani vinavyong'aa, nayo ina yake. Sasa mashine ya elementi, ile inayosoma vitu vya msingi kama silikoni na alumini na sio madini, ikipiga jiwe inajumlisha silika yote humo, ya kwatsi, ya felspa, ya udongo, inakupa namba moja. Haikuambii imetoka kwa nani.

Chukua mfano wa hesabu, na mtu yeyote mwenye kikokotoo aupige mwenyewe. Jiwe la kwanza nusu yake kwatsi, nusu felspa ya potasiamu: silika inakuja kama asilimia 82. Jiwe la pili theluthi mbili kwatsi na theluthi moja kaolini: silika tena kama asilimia 82. Karatasi mbili, namba moja, mawe mawili tofauti kabisa, moja litakaa ukutani miaka na miaka na lingine ukilimwagia maji mara kadhaa linaanza kulegea na kuacha vumbi jeupe mkononi. Ni kama kuambiwa humu kuna unga wa ngano, mafuta, chumvi na maji halafu ukaapa kwamba ni chapati, wakati inaweza kuwa manda za sambusa.

Najua kuna msomaji ataruka hapa aseme, mzee, si uangalie potasiamu na alumini kwenye karatasi hiyohiyo, jiwe la kwanza litakuwa na potasiamu ya kutosha na la pili halina, umepata jibu. Kweli kabisa, na watu wanafanya hivyo, wanachukua jedwali la elementi wanaligeuza kwa hesabu kuwa madini. Shida ni kwamba potasiamu haikai kwenye felspa tu, iko kwenye mika nyeupe, iko kwenye ilaiti ambayo ni udongo, kwahiyo ukikuta potasiamu bado hujui ni ya felspa ngumu au ya udongo laini, na hiyo ndo tofauti uliyokuwa unaitafuta tangu mwanzo! Alafu kuna jambo la pili ambalo wauzaji hawalisemi, kale kamashine ka XRF ka kushika mkononi, kanakopima elementi kwa eksirei, wengine tunakaita bunduki, hakaoni elementi nyepesi. Kwenye hewa ya kawaida kanaanzia magnesiamu kwenda juu. Sodiamu hakaioni. Maana yake albaiti ikiwepo kwenye jiwe, ile sodiamu inayoitambulisha haipo kwenye karatasi, unabaki na silika na alumini zinazoelea hazijulikani za nani. Na kwa silika yenyewe miale inayorudi inatoka kwenye ngozi tu ya jiwe, chini ya sehemu moja ya kumi ya milimita, kwahiyo ukilipiga jiwe lenye vumbi la barabarani umepima vumbi la barabarani.

Sisemi bunduki ni mbaya. Wachimbaji inawasaidia sana, ukitaka kujua kama kuna shaba au hakuna, fasta tu, unajua. Ila swali la "jiwe hili la mchanga limeundwa na madini gani na kila moja ni kiasi gani" sio swali lake.

Swali hilo lina wenyewe, na mkubwa wao ni hadubini. Mwingereza mmoja wa Sheffield, Henry Clifton Sorby, ndo aliyewafungua watu macho karne ya 19 kwamba jiwe unaweza ukalisaga jembamba mpaka mwanga ukapita ndani yake, wenzake wakamcheka eti utaangaliaje milima kwa hadubini. Leo ndo msingi wa kazi yote. Naomba nieleze inavyofanyika maana nadhani hata mwandishi wenu akijua jasho lililopo hatalinganisha tena na kubonyeza kitufe.

Unachukua jiwe, unakata kipande kama kibao kidogo kwa msumeno wa almasi. Kama ni jiwe gumu sawa, lakini mawe yetu ya huku pwani mengi yanamomonyoka, haya ya kaolini ya Pugu ukiyagusa tu na msumeno unabaki na uji. Kwahiyo kwanza unalinywesha gundi ya eposi kwenye chombo cha kuvuta hewa, gundi inaingia kwenye vitundu vyote inaganda, na kwenye gundi unatia rangi ya buluu, sababu yake nitaisema. Mawe yenye udongo unaovimba unakata kwa mafuta badala ya maji, ukitumia maji udongo unavimba au unaoshwa wote, halafu mtu anakuja kuhesabu anakuta jiwe halina udongo anafurahi, kumbe udongo umeenda na bomba la sinki. Ukishakata unapiga msasa upande mmoja, unaugandisha kwenye kioo, unakata tena nyuma ubaki mwembamba, halafu unaanza kusaga kwa unga wa silikoni kabaidi mpaka unene ufike sehemu 3 za mia za milimita. Yaani 0.03. Huwezi kuupima kwa rula huo, unaupima kwa rangi. Unaweka chini ya hadubini yenye vioo viwili vya kupolaraizi, yaani vinavyopitisha mwanga wa mwelekeo mmoja tu, ukivikatisha, kwatsi kwenye unene huo inatakiwa ionekane ya kijivu kwenda nyeupe, labda na unjano kwa mbali sana. Ukiona kwatsi imekuwa ya njano kali au nyekundu au bluu bado ni nene, rudi ukasage. Ukizidisha, punje zinaanza kung'oka pembeni na slaidi ndo imekufa, anza upya. Na umeme ukikatika katikati ya kusaga, hapo hata sisemi.

Slaidi ikiwa tayari madini yanajitambulisha. Kwatsi ni safi, haina mistari ya kupasukia, ukizungusha meza ya hadubini inafifia na kuwaka, mara nyingi inafifia kwa mawimbi kama ilibanwa sana huko ilikotoka. Felspa za plajioklesi, zile za sodiamu na kalsiamu, zinaonyesha michirizi myeusi na myeupe iliyolala sambamba. Maikroklini, aina moja ya felspa ya potasiamu, michirizi yake inakatizana. Kalsaiti, madini ya chokaa, ina rangi za juu, pinki na kijani zilizopauka. Mika inang'aa rangi kali na ina umbo la jani. Zirkoni kadogo ila kanachomoza. Na vile vitundu ambavyo havina kitu vinaonekana buluu, ile rangi ya gundi, kwahiyo hata nafasi ya hewa ndani ya jiwe unaihesabu humohumo, mashine inayopima jiwe lililosagwa unga haikupi hiyo hata siku moja.

Kuna punje zinadanganya. Felspa ya potasiamu isiyo na michirizi na ambayo haijachakaa inafanana na kwatsi kiasi kwamba hata wenye uzoefu wanapita nayo. Dawa yake ni kuipaka rangi. Slaidi isiyofunikwa unaiweka juu ya mvuke wa asidi ya haidrofloriki kwa muda mfupi, halafu unaichovya kwenye sodiamu kobaltinaitraiti, felspa ya potasiamu inageuka njano ya wazi kabisa, kwatsi inabaki kama ilivyo. Ukiendelea na bariamu kloraidi na rodizoneti plajioklesi nayo inageuka pinki. Kwa mawe yenye chokaa kuna alizarini, kalsaiti inakuwa nyekundu, dolomaiti, ndugu yake yenye magnesiamu, haishiki. Kazi nzuri, rahisi, haitaki mashine ya mamilioni. Ila ile asidi jamani, naisema kwa sababu naona vijana wanaagiza kemikali mtandaoni: haidrofloriki inakula kioo, inahifadhiwa kwenye plastiki, na ikikugusa ngozi inaweza isiume mwanzoni huku inaingia ndani inatafuta kalsiamu ya mwili wako mpaka kwenye moyo. Kama huna kabati la kuvuta hewa na jeli ya kalsiamu glukoneti pembeni, usiifungue.

Sasa kuhesabu. Hapa ndo roho ya jambo na ndo gazeti halikugusa kabisa. Slaidi inawekwa kwenye kifaa kinachoisogeza hatua kwa hatua zilizo sawa, kila hatua unaangalia msalaba ulioko katikati ya lenzi umeangukia nini, unabonyeza kaunta: kwatsi, kwatsi, felspa, kipande cha mwamba, kwatsi, tundu, udongo, kwatsi. Kawaida watu wanahesabu pointi 300 mpaka 500 kwa slaidi moja. Mtu anauliza kwanini sio 50 tukalale. Kwa sababu ni sampuli, ina kosa lake, na kosa unaweza kulikokotoa. Ukihesabu pointi 300 na felspa ikatoka asilimia 30, ukweli uko kama kati ya 25 na 35, ukihesabu 500 unabana kidogo, kati ya 26 na 34 hivi. Ukihesabu 50? Hapo unasema kati ya 17 na 43, bora ungekaa kimya. Kwahiyo nikiona ripoti imeandikwa "felspa asilimia 30.27" bila kusema pointi ngapi zimehesabiwa, hizo desimali nazionea huruma.

Na kuna ugomvi mwingine wa zamani ambao mpaka leo unawafanya watu wawili wapime jiwe moja watoe majibu mawili na wote wawe sahihi. Chukua punje kubwa ya mchanga ambayo ni kipande cha graniti, ndani yake kuna fuwele ya kwatsi na fuwele ya felspa zimeshikana. Msalaba umeangukia kwenye ile kwatsi. Unaandika kwatsi au unaandika kipande cha graniti? Wa mila ya zamani anaandika kipande cha mwamba. Mwitaliano Paolo Gazzi mwaka 1966 na Mmarekani William Dickinson mwaka 1970 wakaja na utaratibu mwingine, kwamba kama fuwele iliyoko chini ya msalaba ni kubwa kuliko milimita 0.0625, ambao ndo mpaka wa mchanga, iandike kwa jina lake yenyewe, kwatsi ni kwatsi hata kama imebebwa ndani ya kipande cha graniti. Kwanini? Kwa sababu mchanga mkubwa ukivunjikavunjika ukawa mdogo, vipande vya graniti vinakuwa kwatsi na felspa za kujitegemea, kwahiyo kwa mila ya zamani mawe mawili yaliyotoka mlima mmoja, moja la punje kubwa moja la punje ndogo, yatapata namba tofauti na wewe utadhani yametoka milima miwili. Mimi binafsi niko upande wa Gazzi na Dickinson kwa kazi ya kutafuta mchanga ulitoka wapi. Kwa kazi ya jengo nataka vipande vya mwamba viandikwe kama vipande vya mwamba, maana kipande cha mwamba wa udongo uliobanwa kinaharibika tofauti na kwatsi. Muhimu ripoti iseme imetumia ipi. Basi.

Hiyo ya kutafuta mchanga ulitoka wapi sio mchezo wa wasomi. Dickinson na Suczek mwaka 1979 walionyesha kwamba ukiweka kwatsi, felspa na vipande vya mwamba kwenye pembetatu unaweza kusoma kama mchanga ulitoka katikati ya bara tulivu, kwenye safu ya volkano au kwenye milima iliyokunjwa. Sisi tunayo mawe ya mchanga ya Karoo, tabaka za kale sana, kule kusini, ndo yanayokaa na makaa ya mawe Ngaka na Mchuchuma, na urani ya Mto Mkuju kule Namtumbo imo ndani ya mawe ya mchanga hayohayo ya Karoo. Sio nchi ya kuchukulia poa mawe ya mchanga hii.

Nije kwenye eksirei maana nisije nikaonekana mzee wa hadubini tu. Kuna XRD, wengi wanaichanganya na ile XRF ya bunduki kwa sababu herufi zinafanana, ila hizi ni kazi mbili. XRF inasoma elementi. XRD inasoma mpangilio wa atomu ndani ya fuwele, yaani inasoma madini yenyewe. Msingi wake waliuweka Bragg baba na Bragg mwana, wakapata Nobel mwaka 1915, mtoto akiwa na miaka 25 tu. Unasaga jiwe liwe unga laini sana, unaliweka mashineni, miale inaruka kwa pembe ambayo inategemea umbali kati ya safu za atomu, kwatsi inatoa mshale wake mkubwa, yaani kilele kwenye mchoro, kwenye nyuzi 26.6 ukitumia mirija ya eksirei ya shaba, kalsaiti kwenye 29.4, huwezi kuzichanganya. Na tangu Mholanzi Hugo Rietveld alipotoa njia yake mwaka 1969 ya kulinganisha mchoro wote badala ya mshale mmojammoja, watu wanapata asilimia za kuaminika kabisa kutoka kwenye unga.

Kwenye udongo XRD ndo baba lao, hadubini ya kawaida haifui dafu. Punje za udongo ni ndogo mno, chini ya hadubini unaona ukungu wa kahawia. Unachuja sehemu iliyo chini ya mikroni 2, unaipaka kwenye kioo ikalala, unaipiga mara ya kwanza ikiwa kavu. Halafu unaiweka kwenye mvuke wa glaikoli, kama kuna smektaiti, ule udongo wa kuvimba, inavimba, mshale wake unahama kutoka angstromu 14 au 15 mpaka 17 (angstromu moja ni sehemu moja ya milioni kumi ya milimita, ndo kipimo cha umbali kati ya safu za atomu). Halafu unaichoma kwa joto la nyuzi 550, mshale wa kaolini wa angstromu 7 unapotea wote, wa kloraiti, madini mengine ya udongo, wa 14 unabaki. Hivyo ndo unawatofautisha, maana kloraiti nayo ina mshale kwenye 7 na ukiangalia mara moja tu unaweza kuapa ni kaolini.

Lakini kumbuka umesaga. Ukishasaga jiwe umepoteza habari ya nani alikaa wapi. XRD itakwambia kwatsi asilimia 70 ila haitakwambia kama kwatsi hiyo ni punje za mchanga au ni saruji ya kwatsi iliyoota baadaye ikaziba vitundu, na kwa jiwe la mchanga hiyo ni habari nzima. Pia vitu ambavyo havina mpangilio wa fuwele, kama opali, XRD haivioni vizuri, vinatoa kilima tu kwenye mchoro.

Na hapa nataka wajenzi wanisikilize. Opali na gumegume, lile jiwe la silika ya fuwele ndogo mno, zote ni silika. Bunduki ikizipiga inatoa silika juu kabisa, muuzaji anashangilia, jiwe safi. Lakini mwaka 1940 kule California mhandisi Thomas Stanton alionyesha kwamba silika ya namna hiyo ikiwa kwenye kokoto au mchanga wa zege inakula alkali ya saruji, inatengeneza jeli, jeli inakunywa maji inavimba, zege linapasuka miaka kadhaa baada ya fundi kulipwa na kuondoka. Kwahiyo jiwe lenye silika asilimia 97 linaweza kuwa zuri kabisa au likawa la kuvunja daraja, na karatasi ya elementi ni ileile. Hadubini ndo inakuambia, hapa kwatsi, hapa gumegume, hapa opali. Hata hizi hadubini za elektroni za kisasa zinazosoma slaidi nzima zenyewe pointi kwa pointi, kama ile ya QEMSCAN iliyoanzia Australia, ni mashine za ajabu, zinakuchorea ramani ya madini yenye rangi, lakini zinatambua madini kwa elementi, na kwatsi na opali kwa elementi ni silika zote mbili. Bado unamhitaji mtu anayejua kuzungusha meza ya hadubini.

Kama mtu anadhani haya hayamhusu kwa sababu yeye hajengi wala hachimbi, taa inayomulika sebuleni kwake inamhusu. Gesi iliyoanza kuja Ubungo mwaka 2004 kutoka Songo Songo imekaa ndani ya vitundu vya mawe ya mchanga ya enzi za dinosaria. Gesi inatoka vizuri au vibaya kutegemea ni udongo gani uko kwenye vitundu hivyo. Smektaiti ikikutana na maji yasiyo na chumvi inavimba inaziba. Kaolini inang'oka inasafiri inakwama kwenye milango ya vitundu. Kloraiti ina chuma, ukimimina asidi ya kuzibulia kisima bila kujua ipo, chuma kinatoka kinaganda tena mbele na kisima umekiziba kwa mkono wako. Wanaoendesha visima hawaendi na karatasi ya silika peke yake, wana slaidi, wana XRD, wana elektroni, vyote kwa pamoja.

Kwa mtu wa kawaida anayenunua mawe ya ukutani hahitaji yote hayo. Nunua lenzi ndogo ya mkononi ya mara 10. Angalia jiwe lililovunjwa hivi karibuni, sio uso uliochakaa. Kwatsi inang'aa kama imelowa na haina nyuso bapa, felspa ina nyuso bapa zinazomulika ukigeuza jiwe, ikichakaa inakuwa nyeupe ya chaki. Tone la asidi ya haidrokloriki iliyozimuliwa, ikitoa povu kuna kalsaiti, na huku pwani kwenye matumbawe mengi usishangae. Kisu kinakwaruza kalsaiti, kwatsi hakikwaruzi. Jiwe lenye kaolini nyingi ukiligusisha ulimi linanata, kama vile vidongo wanavyonunua wajawazito sokoni, wenyewe wanajua. Halafu liloweke kwenye ndoo usiku mzima, asubuhi uone maji yamebadilika rangi kiasi gani na pembe zake zinasagika au la. Huko ni kukisia tu, sio kupima, lakini ni kukisia kunakoangalia madini, tofauti na ile karatasi.

Anayetaka kupima kweli, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina watu wa jiolojia, Taasisi ya Jiolojia ya GST iko Dodoma. Akienda asiseme "nipimieni jiwe", atapewa jedwali la elementi kwa sababu ndo rahisi. Aseme nataka slaidi, nataka zihesabiwe pointi zisizopungua 300, na kama kuna udongo nataka XRD ya sehemu ndogo. Aulize kama felspa imepakwa rangi. Wakimuuliza Gazzi-Dickinson au ya zamani, asishtuke, ni ishara kwamba amefika kwa watu wanaojua.

Kwako Mhariri ombi langu ni dogo, mkirudia habari ya mawe hayo, na nadhani mnapaswa kuirudia maana watu wanaagiza magari mazima kwa kichwa kile cha habari, futeni neno kwatsi muweke silika, halafu andikeni mashine ni ipi na jiwe lilioshwa au halikuoshwa kabla ya kupigwa. Na mwandishi akipata kipande cha jiwe lenyewe, hata la ukubwa wa kiberiti, asikitupe. Chuma chakavu changu cha kusagia bado kiko nyuma ya nyumba na kinazunguka, slaidi nitatengeneza bure na kuhesabu nitahesabu mimi, hadubini ya kupolaraizi tu ndo sina, hiyo mtaazima nyie.

Fundi maabara mstaafu,
Pugu Kajiungeni, Dar es Salaam